Vipuri vya Gari Vyaweza Kuzaa Mashine, Lakini kwa Kipimo

Mhimili wa mashine ya kukoboa kahawa ukiharibika mfereji wake wa ufunguo, mashine nzima husimama. Mfereji huo ni mdogo, aghalabu upana wake ni milimita 8 au 10 tu, na ndani yake hukaa kipande cha chuma kinachoifunga puli isiteleze juu ya mhimili. Kipande hicho kikilegea, kila mzunguko hugonga kuta za mfereji, na kuta hutanuka hadi puli ikazunguka peke yake.

Fundi wa Nyakatuntu, katika Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera, akiletewa mhimili wa namna hiyo wakati wa msimu wa kahawa, huwa na njia mbili mbele yake. Aweza kuupeleka mjini, Bukoba au hata Mwanza ng'ambo ya Ziwa, ambako iko mashine ya kuchonga mfereji mpya. Au aweza kuichomelea puli juu ya mhimili, kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Njia ya kwanza hula nauli na siku za mavuno. Njia ya pili huihukumu mashine, kwani siku beringi itakapokufa hapatakuwa na namna ya kuitoa puli ila kwa kuikata.

Iko njia ya tatu: mashine ya kuchongea mfereji huo ijengwe papo hapo kwa vipuri vya magari yaliyokwisha kufa. Vipuri vipo na mikono ipo. Linalopungua ni desturi ya kukiuliza kila kipuri, kabla ya kukikata au kukichomelea, kilikuwa kikifanya kazi gani katika gari, na kazi hiyo inafanana kiasi gani na kazi mpya kinayopewa. Swali hilo ni la fizikia, na hakuna mahali panapostahili zaidi kulifundishia kuliko shule ya sekondari.

Kwa nini keekee haitoshi

Katika mashine ya kukereza, ambayo mafundi huiita lethi, kazi ndiyo izungukayo na kisu kimetulia. Katika mashine inayozungumzwa hapa, iitwayo milingi viwandani, mambo hugeuka: kisu chenye meno mengi huzunguka, na kipande cha chuma kilichobanwa katika jiriwa husogezwa polepole mbele ya meno hayo.

Mwenye keekee ya kusimama hudhani kwamba nusu ya mashine hiyo anayo tayari, kwa kuwa keekee nayo ina mota, mhimili na meza. Hufunga kisu cha kuchongea mahali pa keekee, akaisukuma kazi kwa ubavuni, na matokeo humvunja moyo. Chuma hutetemeka, mfereji hupinda, na mara nyingine kishikio huchomoka kikiwa bado kinazunguka.

Sababu yake ni rahisi. Keekee iliumbwa ili isukume kufuata urefu wa mhimili wake, na msukumo huo huo ndio unaokikaza kishikio mahali pake. Kisu cha kuchonga husukumwa ubavuni, na kila jino liingiapo katika chuma hupiga pigo. Kisu chenye meno 4 kikizunguka mara 400 kwa dakika hupiga mapigo 1,600 kwa dakika. Kishikio kinachoshikwa kwa msuguano tu hakiwezi kustahimili mapigo hayo kwa muda mrefu. Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafutwa ni mhimili wenye beringi zinazoweza kubeba kani ya ubavuni na kani ya urefuni kwa pamoja.

Kitovu cha gurudumu

Beringi za namna hiyo zimo katika kitovu cha gurudumu la mbele la magari mengi ya zamani, kama vile Land Rover. Rola zake zina umbo la pia iliyokatwa ncha, nazo hukaa jozi, zikielekeana. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na wanyama huko St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi za aina hii mwaka 1898. Shida aliyotaka kuiondoa ni ile ile ya mwendesha gari wa leo: gurudumu hubeba uzito wa gari kutoka juu, lakini gari likikata kona husukumwa pia kwa ubavu. Umbo la pia hupokea kani zote mbili.

Je, kasi yake inafaa? Mwanafunzi aweza kujibu kwa hesabu fupi. Gurudumu lenye kipenyo cha meta 0.7 lina mzingo wa karibu meta 2.2. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hupita meta 1,333 kwa dakika, na gurudumu huzunguka takriban mara 600 katika dakika hiyo. Kisu cha kuchongea chuma laini kinahitaji mizunguko ya kiasi hicho hicho. Beringi inayobeba robo ya uzito wa gari kwa mizunguko 600 haitaona ajabu kubeba kisu cha milimita 20.

Hata hivyo, hapa ndipo swali linapokuwa na faida, kwa sababu kazi mbili hizo zinafanana lakini si moja. Katika gari, ekseli imetulia na kitovu ndicho kizungukacho. Katika mashine, njia nyepesi ni kukifunga kitovu kwa bolti zake za gurudumu kwenye nguzo, kisha kuingiza ndani yake mhimili mpya uliokerezwa, ukazunguka. Mwendo wa rola ni ule ule, lakini mkazo wa pete umebadilika. Pete inayozunguka kuhusiana na mwelekeo wa mzigo ndiyo inayopaswa kubana sana. Katika gari pete hiyo ni ya nje. Katika mashine ni ya ndani. Fundi akiukereza mhimili mpya kwa kipimo cha ekseli ya zamani, pete za ndani zitatambaa juu yake na kuula. Inafaa pete iliyo karibu na kisu ibane barabara, na ile ya nyuma iweze kusogezwa kwa nati ya kukazia.

Tofauti ya pili ni uchezaji. Fundi wa magari hufundishwa kuacha nafasi ndogo katika beringi za gurudumu ili zisiungue, na gari husamehe nafasi hiyo. Kisu hakisamehe. Ikiwa kila jino linatakiwa kukata unene wa milimita 0.05, na mhimili unayumba kwa milimita 0.05, jino moja litafanya kazi ya mengine na litavunjika mapema. Nati lazima ikazwe hadi uchezaji uishe kabisa, kisha mashine iachwe izunguke na beringi iguswe mara kwa mara kuona kama inapata joto. Ikiwa moto mno kiasi cha mkono kushindwa kutulia juu yake, nati imekazwa kupita kiasi.

Giaboksi na mwendo wa meza

Mota ya kawaida ya umeme katika Afrika Mashariki, ambako umeme ni wa hezi 50, huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Kisu kinahitaji kasi nyingine, nayo hupatikana hivi: kasi ya kukata kwa meta kwa dakika huzidishwa kwa 1,000, kisha hugawanywa kwa 3.14 mara kipenyo cha kisu kwa milimita. Kwa chuma laini, meta 25 kwa dakika ni kasi ya wastani. Kisu cha milimita 20 basi kinataka mizunguko 398, na kisu cha milimita 8 kinataka 995.

Giaboksi ya pikapu yenye gia za mkono na kusukumwa na magurudumu ya nyuma hutoa majibu yanayokaribiana mno na hesabu hiyo. Gia ya kwanza, ambayo kwa kawaida hupunguza mizunguko kwa mara 3.6 hadi 4, hutoa mizunguko kati ya 360 na 400. Gia ya tatu, yenye uwiano wa karibu 1.4, hutoa kama 1,030. Zaidi ya hayo, gia ya kwanza inapopunguza mizunguko huongeza nguvu ya kusokota, na kisu kikubwa ndicho kiihitajicho. Giaboksi za magari madogo ya siku hizi hazifai vizuri, kwa kuwa nyingi zimeunganishwa na difu au hujibadilisha zenyewe. Na giaboksi ilazwe kama ilivyolala katika gari. Gia zake hupata mafuta kwa kuyarusha. Ikisimamishwa wima, gia za juu zitakauka. Kwa sababu hiyo, mashine ya nyumbani ya aina hii hujengwa kwa urahisi zaidi ikiwa na mhimili wa kulala, ulio sambamba na giaboksi na kuunganishwa nayo kwa mkanda.

Kusogeza meza kwa mkono mfululizo huchosha, na mkono uliochoka husogeza kwa mshtuko. Mota ya waipa inaweza kuchukua kazi hiyo. Ndani yake mna gia yenye umbo la parafujo, ipunguzayo mizunguko hadi kama 40 kwa dakika katika mwendo wa chini. Ikizungusha parafujo ya meza yenye hatua ya milimita 2, meza husogea milimita 80 kwa dakika. Kisu cha meno 4 kinachozunguka mara 400, kila jino likikata milimita 0.05, kinataka milimita 80 kwa dakika barabara. Tena mota hiyo hutumia volti 12, hivyo betri ya gari yatosha kuiendesha.

Kupandisha meza ni kazi ya jeki. Lakini jeki ya mkasi ina hila ambayo Pythagoras angeifurahia. Parafujo yake huvuta upana, na urefu wa kwenda juu hutokana na mikono iliyoinama. Ikiwa chini, mzunguko mmoja hupandisha sana. Ikiwa juu, mzunguko ule ule hupandisha kidogo. Anayehesabu mizunguko ya mpini ili apime kina cha mfereji atakosea. Jeki ibebe meza tu, na kipimo kisomwe kwenye geji ya saa iliyofungwa kwenye nguzo. Kadhalika parafujo yoyote iliyolegea katika nati yake huipa meza nafasi ya kurukia. Kinga yake ni kuisogeza kazi kwa kukabili mwelekeo wa meno, ili kisu kiisukume kazi nyuma badala ya kuinyakua, kisha kufunga kila njia ya meza isiyotumika.

Mwili wa mashine

Mashine nyepesi hutetemeka hata ikiwa na beringi bora. Hapo bloku ya injini ina thamani kubwa kuliko bei yake ya kilo. Chuma chake cha kusubu humeza mtetemo, na kiwanda kilikwisha kuipa kitu ambacho karakana ndogo haiwezi kukipata kwa urahisi: matundu ya silinda yaliyo sambamba, na uso wa juu ulionyooka na kukutana na matundu hayo kwa pembe mraba. Pat Delany wa Marekani aliujenga juu ya ukweli huo mradi wake wa mashine ya kazi nyingi, katika muongo wa kwanza wa karne hii, akiwafikiria hasa mafundi wa nchi maskini. Bloku zilifungwa pamoja kwa bolti, na tundu la silinda likawa nyumba ya mhimili.

Mwenye bloku asiichomelee kwa vijiti vya kawaida, kwani chuma cha kusubu hupasuka kikipoa. Matundu ya bolti za silinda hedi yamo tayari, yana nyuzi zake, na yanatosha kushikia nguzo.

Kutokana na mifano hii yaonekana kwamba katika gari bovu mna vipimo vilivyolipiwa kwa gharama kubwa katika kiwanda cha mbali. Gari hilo likipelekwa zima kwenye tanuri na kuwa nondo, kilo zake hubaki, lakini vipimo hupotea. Hiyo ni hasara isiyoandikwa katika daftari lolote.

Pingamizi

Wako watakaosema kwamba mashine ndogo ya kuchonga inaweza kununuliwa kutoka ng'ambo, na kwamba kazi ya miezi ya kukusanya vipuri ni kupoteza wakati. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye fedha na kazi nyingi zinazomngoja. Huyo na anunue. Lakini shule au kijana asiye na mtaji hachagui kati ya mashine mbili. Huchagua kati ya mashine aliyoijenga na kutokuwa na mashine. Aidha, aliyeijenga mashine yake anajua kila beringi iliko, na siku itakapokufa hatamngoja mtu.

Taifa lenyewe liliwahi kuitambua haja ya mashine zinazozaa mashine. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilijengwa wilayani Hai kwa msaada wa Bulgaria. Nchini Kenya, juhudi za kutengeneza gari la Nyayo, zilizoanza mwaka 1986, zilifuatwa na kiwanda cha kuchonga vyuma cha Numerical Machining Complex. Viwanda hivyo ni vya lazima, lakini havifiki katika kila kata. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, iliwekwa kwa ajili ya nafasi hiyo iliyo kati ya kiwanda kikubwa na nyundo ya kijijini.

Pingamizi la hatari ni zito zaidi, na halifai kupuuzwa. Mikanda na puli zifunikwe. Swichi ya kuzimia iwe mahali mkono unapoifikia bila kuvuka kisu. Miwani ivaliwe, glavu zivuliwe karibu na kitu kinachozunguka, na vumbi la breki kuukuu lisipulizwe, kwani huenda lina asbesto. Shule isiyoweza kutimiza masharti haya isiwashe mashine. Itumie vipuri kwa kupimia na kuchorea tu, na hata hapo faida ni kubwa.

Kazi ya shule

Kagera si ngeni kwa elimu ya chuma. Hazina ya watawala wa Karagwe huko Bweranyange ilikuwa na vyombo vya chuma, zikiwamo sanamu za ng'ombe, kazi ya wahunzi wenye mikono ya ustadi. Katika Buhaya jirani, wazee waliombwa mwaka 1976 kuyeyusha tena chuma kwa njia ya wahenga wao, kwa tanuri la udongo, mirija na mivukuto. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba mirija iliyoingizwa ndani ya tanuri iliipasha hewa moto kabla ya kufika kwenye makaa, jambo lililopandisha sana joto la tanuri.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili usiosimuliwa mara nyingi. Wazee hao walikuwa wameiacha kazi kwa miongo mingi, na iliwabidi wajaribu mara kadhaa kabla ya kukumbuka vema. Vipimo vyao vilikuwa katika mikono na macho. Mikono ilipozeeka, elimu ilikaribia kuzikwa. Hatari hiyo hiyo inamkabili fundi wa leo anayejua kwa kugusa tu kiasi cha kukaza nati ya beringi, wala hakuna aliyeandika.

Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na kuanzia mwaka 2024 mkondo wa amali umeingizwa katika elimu ya sekondari Tanzania. Kati ya miaka hiyo miwili karakana nyingi za shule zimehesabiwa kwa mashine zisizokuwa nazo. Pengine ni wakati wa kuzihesabu kwa maswali zinayoweza kuyajibu. Mwalimu wa fizikia aweza kuanza na kitovu kimoja cha gurudumu juu ya meza. Wanafunzi wakivue, wachore kani zilizokipata barabarani, wachore zitakazokipata chini ya kisu, kisha waseme ni pete ipi ibane na kwa nini. Wahesabu meno ya giaboksi na kutafuta uwiano wake. Wapandishe jeki ya mkasi mzunguko mmoja mmoja na kuchora grafu. Kisha daftari hilo lipelekwe kwa fundi wa kijijini, naye aseme walipokosea.

Fundi atapata hesabu ambayo hakufundishwa, na mwanafunzi atapata mkono ambao kitabu hakiwezi kumpa. Mashine ikija kusimama, na ichonge mfereji ulionyooka katika mhimili wa kukoboa kahawa, vema. Isipokamilika, daftari litabaki, na atakayefuata ataanzia pale mwenziwe alipoishia.